Mna Nini Nyumbani? Somo la Chakula cha Jioni

Andiko la kusoma: Yohana 6:5–13

Katika andiko hili Yesu ndiye anayeanzisha habari ya chakula. Watu hawajalalamika bado, naye tayari anamuuliza Filipo watanunua wapi mikate. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kupanga chakula cha jioni si jambo la mtu wa rohoni. Nyumba nyingi ninazotembelea hapa Kitui na kule Makueni, ugomvi wa mume na mke huanzia kwa sufuria. Tarehe 20 ikifika, mama anazunguka njia ndefu asipite mbele ya duka, kwa sababu ya deni.

Filipo alipiga hesabu haraka: dinari 200 hazitoshi. Dinari 1 ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku. Mimi nilisomea biashara, na hesabu ya Filipo sioni kosa lake. Lakini alihesabu pesa ambazo hawakuwa nazo. Andrea alitaja kilichopo: mikate 5 na samaki 2. Yesu akaanzia hapo.

1. Anza na kilichopo. Kabla hujamtuma mtoto dukani, fungua debe uangalie. Kama kuna muthokoi na kunde, na majani ya mboga yako shambani, chakula kipo. Ukianzia dukani, utanunua mafuta ya kupima, unga wa paketi na nyanya mbili kila jioni. Hivi vya kadogo kadogo, ukijumlisha kwa mwezi, ndivyo ghali zaidi.

2. Panga kabla ya kugawa. Marko 6:39–40 inaonyesha watu waliketishwa kwa vikundi kwanza, ndipo wakala. Kwetu, mimi na mke wangu huandika jioni 7 za juma kila Jumapili. Jumatatu ugali na ndengu. Jumanne muthokoi, sufuria kubwa. Jumatano muthokoi ile ile, imekaangwa na sukuma wiki. Alhamisi ugali na majani ya kunde. Ijumaa ndengu tena, na wali kidogo. Jumamosi isyo. Jumapili mayai au omena. Muthokoi na maharagwe loweka usiku kucha, makaa yatapungua. Kinachobaki kichemshe tena kabisa asubuhi na jioni, maana joto la kwetu halisubiri mtu. Na baba, kaa hapo mnapopanga. Ukishiriki hesabu, hutauliza pesa zilienda wapi.

3. Usiuze sahani ya watoto. Ndengu tunavuna Januari na Februari, wakati karo inadaiwa na dalali amesimama langoni na mizani. Kila mtu anauza, bei iko chini. Miezi ikipita, wengi wetu tunarudi sokoni kununua ndengu hizo hizo kwa gorogoro, na bei imeshapanda.

Hebu tuhesabu. Familia ikipika nusu kilo mara 2 kwa juma, hiyo ni kilo 1. Kwa mwaka ni kilo 52, zaidi kidogo tu ya nusu ya gunia la kilo 90. Toa hizo kwanza, zikaushe vizuri, uziweke kwenye mfuko usiopitisha hewa ili wadudu wasizile. Ndipo uuze zinazobaki ulipe karo. Mvua ikiwa haba na mavuno yakawa madogo, tenga hata sehemu ya tano, kama Yusufu alivyoshauri katika Mwanzo 41:34. Alitenga wakati wa shibe, hakungoja njaa ifike.

Na ninyi mliopanga nyumba mjini bila shamba, familia 4 za ushirika mmoja mnaweza kununua gunia wakati wa mavuno mkagawana. Kila nyumba itapata kilo 22 na nusu.

4. Okoteni vipande. Aliyezidisha mikate ndiye aliyesema kisipotee kitu, vikapatikana vikapu 12. Ugali wa jana ni chai ya asubuhi.

Najua kuna mpendwa atakayefungua debe akute hakuna kitu. Mvua ilikosa, au kibarua kiliisha. Mpendwa, usifunge mlango ukalala na watoto njaa kwa aibu. Mwambie kiongozi wa ushirika wako leo. Na wewe ambaye debe lako lina kitu, kumbuka mikate ile ilikuwa chakula cha mtoto mmoja. Alipoitoa, wengine wakala.

Kazi ya juma hili
- Andikeni kila chakula kilichomo nyumbani.
- Pangeni jioni 7, mume na mke pamoja.
- Katika ushirika, jadilini: nani kati yetu hana, na tutafanya nini kabla ya Jumapili?

Tuombe: Bwana, tupe macho ya kuona ulichokwisha kutupa, na mikono ya kukigawa. Amina.