Punda na Miti ya Matunda



Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Je, shukrani yetu kwake ni ipi? Anatubebea maji na mazao, na siku akifa akina mama wanarudia mitungi mgongoni.

Kikundi kimoja tulichokitembelea kilimfunga punda wake chini ya mti wa avokado apate kivuli. Kumbe alikuwa akila majani. Baadaye kichwa na shingo vikavimba, akapumua kwa shida. Afisa wa mifugo aliitwa, lakini tulikuwa tumechelewa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hatukujua tu.

Basi tujifunze pamoja:

1. Avokado. Majani yake yana sumu inayodhuru moyo, hata yakikauka. Mbuzi na ng'ombe pia hudhurika. Tusimfunge punda hapo, wala tusimpe majani hayo.

2. Plamu na pichi. Matawi yakikatwa au kuangushwa na upepo, majani yanayonyauka huwa na sumu kali. Tuyaondoe siku hiyo hiyo.

3. Matunda yaliyoanguka. Punda hawezi kutapika. Akila maembe mengi kwa mara moja ataumwa na tumbo, na kokwa linaweza kumkwama kooni. Tuokote matunda kila asubuhi kabla ya kumfungulia.

4. Gome. Punda mwenye njaa hutafuna gome, na mti ukibanduliwa gome kuuzunguka wote hufa. Tuzungushie miti ua, na punda apewe nyasi za kutosha.

5. Dawa za kupulizia. Asilishe hapo mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Dalili za hatari: anajigaragaza, anageuka kuangalia tumbo, hatoi mavi, au mate na chakula vinatoka puani. Lakini punda huficha maumivu. Akisimama kimya ameinamisha kichwa na kukataa chakula, usiseme ni uvivu. Ondoa chakula, usimnyweshe kitu kwa nguvu, na umwite afisa wa mifugo mara moja.

Maswali ya kujadiliana:

- Punda wetu hufungwa wapi mchana, na kuna miti gani hapo?
- Nani ataokota matunda, na zamu zitapangwaje?
- Je, kikundi kimeweka akiba ya kumlipa daktari wa mifugo?

Kabla ya mkutano ujao, tutembee pamoja shambani tuangalie kila mti.