Nani Asemaye, Nani Atendaye? Mtazamo wa Wanawake katika Mighani ya Arthur kwenye Skrini

1.0 Utangulizi

Mighani ya Mfalme Arthur wa Uingereza imesimuliwa kwa zaidi ya miaka 800, na kwa sehemu kubwa ya muda huo imesimuliwa kama habari ya mfalme, upanga wake na mashujaa wake. Wanawake wamo, tena ni wengi, lakini aghalabu huingia masimulizini wanapohitajika kuzaa, kusaliti au kuomboleza. Mwaka 1983 mwandishi wa Marekani, Marion Zimmer Bradley, alitoa riwaya yake The Mists of Avalon, ambayo iliipindua kawaida hiyo kwa kuisimulia mighani ileile kupitia kwa wanawake. Julai 2001 kituo cha televisheni cha TNT, huko Marekani, kilionyesha tamthilia ya sehemu mbili iliyotokana na riwaya hiyo. Mwongozaji alikuwa Uli Edel na mswada uliandikwa na Gavin Scott.

Tamthilia hiyo kwa kawaida hutajwa kuwa mfano wa mighani iliyosimuliwa upya kwa mtazamo wa wanawake, na sababu itolewayo huwa moja: msimulizi ni mwanamke, Morgaine, ambaye sauti yake inasikika tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sababu hiyo haitoshi. Tutadai kwamba kusema, kutenda na kuona ni mambo matatu tofauti. Kwamba tamthilia ya 2001 ilimpa mwanamke mmoja sauti huku ikiwanyang'anya wanawake wengine mtazamo ambao riwaya iliwapa. Na kwamba mwanaisimu wa Kiswahili, kwa kuzoea kauli za kitenzi, anazo zana nzuri za kulibainisha jambo hili.

2.0 Morgaine katika Mapokeo

Ili kuuelewa uzito wa mabadiliko hayo, yafaa kwanza tuangalie mhusika huyu alikotoka. Katika shairi la Kilatini la Vita Merlini, lililotungwa na Geoffrey wa Monmouth yapata mwaka 1150, Morgen ni mkubwa wa dada tisa wanaokaa katika Kisiwa cha Matofaa. Ni mganga ajuaye mitishamba, na ndiye anayempokea Arthur aliyejeruhiwa vitani. Hakuna uovu wowote anaohusishwa nao humo.

Katika Le Morte Darthur ya Thomas Malory, iliyopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, mambo yamekwisha kugeuka. Morgan ni dada yake Arthur kwa mama, mke wa Mfalme Uriens na mpenzi wa Accolon. Anaiba ala ya upanga wa Arthur na kupanga njama ya kumwua. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu hichohicho yumo miongoni mwa malkia wanaompakia Arthur katika mashua ili kumpeleka Avalon akatibiwe. Malory hatuelezi ni kwa vipi adui amekuwa muuguzi. Mapokeo mawili yamewekwa pamoja bila kupatanishwa, na pengo lililobaki kati yake ndilo lililowapa watunzi wa baadaye nafasi ya kuuliza: Je, Morgan mwenyewe angesemaje?

3.0 Asemaye

Tamthilia ya 2001 inalijibu swali hilo waziwazi. Morgaine, aliyeigizwa na Julianna Margulies, anaanza kwa kumwambia mtazamaji kwamba mengi yajulikanayo kuhusu Camelot, na kuhusu yeye mwenyewe aitwaye mchawi, ni uongo. Huu ni usimulizi wa nafsi ya kwanza wenye nguvu ya ushahidi. Aliyekuwa mshtakiwa sasa anajitetea, na hadhira inalazimika kusikiliza.

Lakini sauti ya msimulizi kwenye skrini si sawa na nafsi ya kwanza katika maandishi. Katika maandishi, kiambishi ni- kikishika usukani, kila kitu hupita mikononi mwa msemaji. Kwenye skrini sauti hupita juu ya picha, na picha ina msimulizi wake, yaani kamera, ambayo haina nafsi. Kamera inatuingiza katika mashauri ya faragha ya Morgause na katika mahaba ya Gwenhwyfar na Lancelot, mahali ambapo Morgaine hayumo. Kwa hiyo mtazamaji anasikia "mimi" lakini anaona "wao".

Riwaya nayo haikutumia nafsi ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Bradley aliingiza vifungu ambamo Morgaine anasema mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya kitabu imo katika nafsi ya tatu. Tofauti ni kwamba nafsi ya tatu hiyo huegemea fikra za wanawake mbalimbali kwa zamu: Igraine, Viviane, Morgause, Gwenhwyfar na Morgaine mwenyewe. Tutairejea hoja hii katika sehemu ya 5.0.

4.0 Atendaye

Tuchukue tukio ambalo mighani yote inalitegemea, nalo ni kutungwa kwa mimba ya Mordred, mwana atakayemwangusha baba yake. Tukilieleza tukio hilo kwa sentensi za Kiswahili kwa kufuata matoleo matatu, tutapata tungo hizi:

(1) Arthur alilala na Morgause bila kujua kuwa ni dada yake.
(2) Morgana alimhadaa Arthur.
(3) Viviane aliwakutanisha Morgaine na Arthur.

Tungo ya (1) ni muhtasari wa Malory. Kiima ni Arthur, na kutojua ndiko kunakompunguzia lawama. Tungo ya (2) ni muhtasari wa filamu ya Excalibur ya John Boorman, iliyotoka mwaka 1981. Humo Morgana, aliyeigizwa na Helen Mirren, anajigeuza sura ili Arthur amdhanie kuwa ni Guinevere. Mwanamke amekuwa kiima, lakini amekuwa kiima cha kitenzi cha hila. Ametenda ili alaumiwe. Tungo ya (3) ni ya riwaya ya 1983 na tamthilia ya 2001. Katika ibada ya Avalon, Morgaine na Arthur wanakutanishwa bila kutambuana, na aliyepanga ni Viviane, Bibi wa Ziwa.

Kitenzi kutanisha kina mnyambuliko wa kutendesha, nao unahitaji washiriki zaidi: yupo asababishaye na wapo wasababishiwao. Hapa ndipo penye jambo muhimu. Uwezo wa kike unaoonyeshwa ni wa kweli, kwa kuwa Viviane hatumwi na mwanamume yeyote. Lakini uwezo huo unatumika juu ya mwanamke mwingine. Msimulizi wetu, ambaye ndiye mwenye "mimi" ya tamthilia, katika tukio kubwa kuliko yote ya maisha yake ni yambwa na si kiima.

Ndoa inathibitisha hali hii. Kiswahili hutofautisha aoaye, aolewaye na aozaye. Katika riwaya, Morgaine anaulizwa na Arthur mbele ya watu kama yu radhi kuolewa katika nchi ya Wales Kaskazini. Anakubali akidhani kwamba mposaji ni Accolon. Kumbe ni baba yake, Mfalme Uriens aliye mzee. Tatizo hapa ni la kimaana: maelezo yaleyale yanaweza kurejelea watu wawili, na kukubali kwa mwanamke kunachukuliwa kuwa halali ingawa hakukuhusu mtu aliyekusudiwa. Tamthilia nayo inamwoza kwa Uriens. Morgaine anatusimulia jinsi alivyoolewa, na kusimulia huko hakumfanyi kuwa mwoaji wala mwozaji.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yamkini msomaji atasema kwamba kauli ya kutendwa si dalili ya unyonge. Hiyo ni kweli. Katika sentensi "Morgaine aliogopwa" kiima kimo katika kauli ya kutendwa, ilhali mwenye nguvu ni yeye. Umbo la kitenzi peke yake halitoi hukumu. Linalotakiwa ni kuangalia kauli pamoja na maana ya kitenzi na matokeo yake kwa mhusika: Je, aliyetajwa angeweza kukataa? Kwa swali hilo, kuogopwa na kukutanishwa si mambo ya aina moja.

5.0 Aonaye

Sasa turejee kwenye zamu za fikra katika riwaya. Gwenhwyfar wa Bradley ni Mkristo mwenye msimamo mkali na mpinzani wa Avalon. Angeweza kuwa kikwazo tu katika njia ya shujaa. Lakini msomaji anaingizwa katika hofu yake ya mahali pa wazi, na katika uchungu wake wa kukosa mrithi. Humkubali au humkatai, ila unamwelewa kutoka ndani. Kadhalika Morgause, ambaye ni mwenye tamaa ya madaraka, ana kurasa zake ambamo tamaa hiyo ina sababu, na ambamo anamlea mwana wa Morgaine kwa mapenzi.

Tamthilia, yenye muda wa takriban saa tatu, ililazimika kupunguza. Ilichopunguza kwanza ni zamu hizo. Morgause, aliyeigizwa na Joan Allen, anabaki na vitendo vyake bila fikra zake, na mhusika wa namna hiyo huonekana mwovu. Uovu ambao mapokeo yalimtwika Morgan haukuondolewa. Umehamishiwa kwa dada wa mama yake. Nafasi ya mwanamke mlaaniwa imebaki palepale, na aliyebadilika ni mkaaji.

Kwa haki, tamthilia ina ufumbuzi wake. Katika mwisho wake Avalon imetoweka, na Morgaine anawaona wasichana wakisali mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Anatambua kwamba mungu wa kike hakufa bali amevaa sura nyingine. Hapo sauti na picha zinaafikiana: tunaona anachokiona yeye, kwa maana anayoipa yeye. Hii ni miongoni mwa sehemu chache ambamo asemaye ndiye aonaye.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba usemi, utendaji na uonaji vinaweza kutenganishwa, na kwamba kazi inaweza kumtukuza mwanamke kwa kimoja huku ikimnyima viwili. Njia nyingine ya kusimulia upya ilijaribiwa mwaka 2020 katika tamthilia ya Cursed ya Netflix, yenye vipindi 10, ambamo Nimue ndiye anayeubeba upanga na Arthur ni askari wa kukodiwa. Humo mwanamke amepewa kitenzi kabla ya kupewa usimulizi. Mtafiti atakayezilinganisha kazi hizi mbili atapata mengi ya kueleza.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaoandika kuhusu usawiri wa mwanamke, iwe katika mighani za Ulaya au katika tenzi zetu, tunapendekeza maswali matatu yaulizwe kwa mpangilio: Nani anasema? Nani anatenda, katika kauli ipi, na angeweza kukataa? Nani anaona, na ni wanawake wangapi wamepewa nafasi ya kuona? Swali la kwanza ndilo jepesi, na ndiyo maana tahakiki nyingi huishia hapo. Swali la tatu ndilo linalotenganisha mtazamo wa mwanamke mmoja na mtazamo wa wanawake.