BAKULI YA NDEGE KATIKA BUSTANI
(Somo la kazi ya mikono na hesabu)



Hapa kwetu Kamina, tangu mwezi wa tano mpaka karibu na mwisho wa mwezi wa tisa, mvua ni kidogo sana ao hakuna. Vidimbwi vinakauka, majani yanawaka moto, na ndege wanatafuta maji mbali. Tena ndege hanywi tu, anapashwa kuoga. Manyoya machafu hayashikamani vizuri. Kiisha kuoga, anakamata mafuta kwa mdomo karibu na mkia wake, anayapaka manyoya. Basi sisi wa kalasi ya tatu tulitengeneza bakuli. Tunawapa njia yake.

VYOMBO: Simenti kipimo 1, mchanga safi vipimo 3, jani kubwa la mpapai, gunia kuukuu, matofali. Asiye na simenti asihuzunike. Kitako cha chungu kilichovunjika kinatosha.

KAZI:

1. Rundika mchanga wenye unyevu kama kilima kidogo cha mviringo, upana santimetri 50, kimo santimetri 5.

2. Laza jani juu yake, upande wa mishipa ukitazama juu.

3. Koroga simenti, mchanga na maji kidogo, isiwe kama uji. Paka juu ya jani na kilima chote, unene santimetri 4, ukigandamiza. Funga mikono katika plastiki, kwani simenti inakula ngozi.

4. Funika kwa gunia lenye maji, siku 7, bila kuliacha likauke. Hapa tulikosa. Bakuli yetu ya kwanza tuliiacha juani, tukifikiri simenti inakauka kama nguo. Siku ya tatu ikapasuka. Kumbe simenti inashikana kwa nguvu ya maji yaliyo ndani yake. Maji yakitoka mbele ya wakati, nguvu inapotea.

5. Geuza polepole, bandua jani. Mishipa yote imebaki imechorwa ndani ya bakuli. Huo ndio urembo wake, hata bila rangi.

6. Ijaze maji juma moja, ukiyabadili kila siku, kusudi ukali wa simenti utoke.

7. Iweke juu ya nguzo ya matofali ya udongo wa kichuguu, kimo santimetri 75. Chagua mahali pa wazi, metri 2 ao 3 kutoka kichaka, kusudi paka asijifiche karibu. Weka jiwe bapa katikati, ndege wadogo wasimame. Mawe ya kijani yenye shaba ni mazuri kwa macho, lakini tusiyatie majini.

ULIZO LA MAMA MMOJA

Tulipokuwa tunajaza bakuli, mama mmoja alipita, akasema: "Bana, muko munapatia ndege mayi, na shiye tunabeba bido ku kichwa?" Tulinyamaza. Alikuwa na haki. Tukarudi kalasini, tukapima:

3,14 × 5 × (3 × 25 × 25 + 5 × 5) ÷ 6 = santimetri kyubu 4.972, ni kusema karibu litri 5.

Bido moja ya litri 20 inajaza bakuli mara 4. Kwa hiyo tuliweka sheria: maji ya kisima hatuyatii tena. Tunatia maji yaliyokwisha kuosha mchele ao mboga, yasiyo na sabuni wala chumvi. Maji tunayoyamwanga kutoka bakuli yanakwenda kwenye shina la sombe. Hakuna tone linalopotea. Wakati wa mvua, mbingu inajaza yenyewe.

TUJIHADHARI NA MBU

Yai la mbu linahitaji kama siku 7 mpaka 14 kuwa mbu mwenye kuruka. Basi tunamwanga maji yote kila siku ya pili na kusugua bakuli kwa brosi. Mwenye kusahau juma moja anafuga malaria, hafugi ndege.

FAIDA

Mwaka 1928 Mmarekani James Chapin alieleza mara ya kwanza ndege mdogo mwenye weusi mbele ya macho, anayekaa katika majani ya Lualaba na ziwa Upemba, katika jimbo letu la Haut-Lomami. Hajulikani penginepo duniani. Mgeni alijua kutazama. Na sisi tujifunze. Tuna daftari karibu na bakuli: kila mtu aandike siku, saa, rangi ya ndege na namna alivyooga.

Jambo la mwisho. Wenzetu wengine wako na mpira wa kurusha mawe. Tunaomba: asipigwe ndege aliye penye bakuli. Kumwita mtu anywe, kiisha kumpiga, si desturi ya watu.

MAULIZO

1. Sababu gani simenti inafunikwa kwa gunia lenye maji?
2. Bakuli yenye upana santimetri 40 na kimo santimetri 4 inashika litri ngapi?
3. Wewe ungemjibu mama yule namna gani?