ALS: mambo ya kusemwa mgonjwa angali na sauti

ALS hula neva zinazoendesha misuli. Mkono hulegea, mguu hufuata, kisha ulimi, koo na misuli ya kupumua. Wengi hufariki kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Daktari wa tiba shufaa anajibu maswali ya familia.

Swali: Daktari, baba bado anaendesha gari. Mbona tayari tunatumwa kwenye tiba shufaa? Hiyo si ya watu wa kukata roho?

Jibu: Hofu hiyo ina chanzo chake. Huduma hii Afrika Mashariki ilikulia kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na wengi waliletwa wakiwa taabani. ALS haina dawa ya kuiponya. Riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache tu. Kwa hiyo kutuliza misuli inayokaza, mate yanayomwagika, usingizi unaokatika na hofu ya mgonjwa ndiyo tiba yenyewe, kuanzia siku ya kwanza.

Swali: Pumzi ikimsumbua si tutamkimbiza hospitali, madaktari waamue?

Jibu: Mnakumbuka yule mwanasayansi mwenye ALS, Stephen Hawking? Mwaka 1985 alipatwa na nimonia akiwa Geneva, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari walimuuliza mkewe, Jane, kama wazime. Alikataa. Akarudishwa Cambridge, akatobolewa koo, akapoteza sauti, akaishi hadi 2018. Ugonjwa wake ulikwenda polepole kuliko kawaida, kwa hiyo msipimie kwake. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi, nami sibishi. Lakini mimi humwona pia mke aliye ugenini, anatakiwa ajibu papo hapo kwa niaba ya mume asiyeweza kusema.

Kutoboa koo maana yake ni mashine mchana na usiku, umeme usiokatika, na mtu wa kufyonza makohozi hata saa tisa za usiku. Wapo wanaoyataka hayo kwa moyo mmoja, na wapo wasioyataka kabisa. Ninachokiogopa mimi ni mtu kuyapata bila kuulizwa, kwa sababu kuiondoa mashine huwa mzigo mzito kwa familia kuliko kutoiweka.

Ipo njia ya katikati, nayo ni barakoa ya mashine inayovaliwa usiku. Akianza kuamka na kichwa kinachouma, kusinzia mchana, au kushindwa kulala chali, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Na mtungi wa oksijeni peke yake usiwafariji: unaweza kufanya hewa ya ukaa izidi kujikusanya mwilini.

Swali: Na mpira wa kulishia tumboni?

Jibu: Ukitakiwa, uwekwe mapema, kabla pumzi haijapungua mno, maana baadaye upasuaji huwa wa hatari. Kama koo lake bado linaruhusu, ataendelea kuonja mchuzi wake.

Swali: Kuyazungumza haya si uchuro?

Jibu: Basi msianze na mashine. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Kisha: siku njema kwako ikoje? Kitu gani hutakubali kabisa? Nani akusemee usipoweza kusema?

Hilo la mwisho ndilo huvunja nyumba. Mke amelala naye na kumgeuza kila usiku, halafu kaka mkubwa anashuka kwenye basi kutoka kijijini na kutoa amri. Mgonjwa amtaje msemaji wake mbele ya wote wawili, na kaka asikie kwa masikio yake. Mwandike, nakala ikae kwenye faili la hospitali, mumrekodi kwenye simu akisema mwenyewe. Sheria za nchi hutofautiana, lakini ndugu waliosikia hawagombani kama wale walioletewa karatasi. Akibadili mawazo mwezi ujao, ni haki yake, andikeni upya. Msichelewe: ALS wakati mwingine hugusa hata fikra na tabia.

Kama kinachowazuia ni dini, mwiteni shehe au padri mapema. Wakatoliki wengi hushangaa kusikia kwamba Papa Pius wa 12 alisema mwaka 1957 kuwa mgonjwa halazimiki kutumia tiba zisizo za kawaida ili arefushe maisha.

Swali: Atakufa kwa kukabwa? Na mofini haitamuua?

Jibu: Kufa kwa kukabwa ni nadra. Wengi huzidi kusinzia hewa ya ukaa inapopanda, kisha pumzi hukatika. Mofini kidogo ya kunywa, mara nyingi kuanzia miligramu 2.5, hupunguza ile hisia ya kuzama; huongezwa taratibu chini ya uangalizi, haitolewi ili kuua. Uganda iliruhusu tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Kwenu ulizeni leo: kituo cha karibu kinayo? Nani anaruhusiwa kuiandika? Na pumzi ikimbana usiku wa manane, tumpigie nani? Nambari hiyo iwe kwenye simu ya kila anayelala nyumba hiyo.