Baada ya Upasuaji wa Moyo: Jinsi ya Kumtunza Mgonjwa Nyumbani

Siku mgonjwa aliyepasuliwa moyo anaporuhusiwa kurudi nyumbani, boma hujaa furaha. Majirani huja kumpa pole, na chai haiishi jikoni. Lakini upasuaji ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili iko nyumbani, ambako mtungi mmoja wa maji au vidonge vilivyokatizwa vinaweza kuharibu kazi iliyowachukua madaktari saa nyingi.

Chukua mfano wa mama wa watoto watatu aliyewekewa vali ya chuma kwa sababu vali yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Maradhi hayo huanza na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa, na bado yanawapeleka Wakenya wengi kwenye upasuaji wa moyo. Mama huyu atahitaji nini?

Mfupa wa kidari

Ili kuufikia moyo, daktari hukata mfupa wa kidari katikati, kisha huuunganisha tena kwa nyaya za chuma zinazobaki mwilini. Mfupa huo huanza kushikana vizuri kati ya wiki 6 na 8, na huchukua takriban wiki 12 kuimarika. Ni sawa na mkono uliovunjika, ila kifua hakifungwi plasta.

Katika kipindi hicho mgonjwa asiinue kitu kinachozidi takriban kilo 5. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja naye hupita kilo 5, kwa hiyo mama aketi na mtoto aletwe mapajani pake na mtu mwingine. Asilime, asichanje kuni, asifue nguo nzito, asisukume wala kuvuta mlango mzito. Anapoamka kitandani, ageuke upande, ashushe miguu, kisha ainuke bila kujivuta kwa mikono. Akikohoa au kupiga chafya, akumbatie mto kifuani.

Bodaboda haifai mpaka daktari aruhusu, kwa sababu ya mtikisiko na hatari ya kuanguka. Akisafiri kwa gari, afunge mkanda na aweke mto mdogo kati ya mkanda na kifua. Tendo la ndoa huweza kurejelewa mgonjwa akipata nguvu, mradi kifua kisibebe uzito. Wanandoa wasione haya kumuuliza daktari.

Kidonda

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha kikaushwe taratibu kwa taulo safi. Kisipakwe mafuta, majivu, asali wala dawa ya mitishamba. Anayemhudumia anawe mikono kwanza. Mguu uliotolewa mshipa, kwa wale waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha mishipa ya moyo, huweza kuvimba kidogo. Mgonjwa auinue anapoketi.

Kutembea

Kulala kutwa hakumponyi mgonjwa. Aanze kwa kutembea dakika 5 kwenye uwanja wa nyumba, mara mbili au tatu kwa siku, na aongeze dakika chache kila baada ya siku kadhaa hadi afikie dakika 30. Kipimo ni rahisi: awe na uwezo wa kuzungumza huku akitembea. Akihema mno, akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame na kupumzika.

Dawa

Mwenye vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi Warfarin, maisha yake yote. Akiiacha, damu huweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi au kifo. Ikizidi, anaweza kuvuja damu. Ndiyo maana lazima apimwe damu, kipimo kiitwacho INR, kila anapopangiwa. Dawa imezwe saa ile ile kila siku. Akisahau, asimeze dozi mbili kwa pamoja.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani kiholela, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu. Mitishamba nayo huweza kuingiliana na Warfarin. Sukuma wiki, mchicha na managu si haramu. Mgonjwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asiziache ghafla wala kuzizidisha ghafla.

Aliyeugua homa ya baridi yabisi huendelea kudungwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, hata baada ya upasuaji, kwa muda atakaoelezwa na daktari. Kabla ya kung'olewa jino, amwambie daktari wa meno kwamba ana vali bandia. Mwanamke anayetumia Warfarin aende kliniki kabla ya kushika mimba, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akishapata mimba, afike hospitalini mara moja na asiache dawa kwa uamuzi wake.

Chumvi na huzuni

Chumvi yote kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya mkate, supu na viungo vya pakiti. Chumvi isiwekwe mezani.

Wengi hupata huzuni, hasira za ghafla au usingizi wa mang'amung'amu katika wiki za mwanzo. Hali hii ni ya kawaida na mgonjwa asilaumiwe. Ikipita wiki mbili bila nafuu, aelezwe mhudumu wa afya.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa akiwa na:
- homa ya nyuzi 38 au zaidi, au usaha na wekundu unaoenea kwenye kidonda;
- mfupa wa kidari unaolia au kusogea;
- uzito unaoongezeka kilo 2 kwa wiki, au miguu inayovimba zaidi;
- kushindwa kupumua, hasa anapolala chali;
- maumivu makali ya kifua, moyo kwenda mbio au kuzimia;
- mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito;
- damu isiyokoma, au choo cheusi kama lami.

Wajibu wa familia

Kabla mgonjwa hajafika nyumbani, jamaa wakubaliane nani atachota maji, nani atapika na nani atamsindikiza kliniki. Kazi hizi zisiachiwe mtoto wa shule peke yake. Wageni wasiwe wengi kwa wakati mmoja, na mwenye mafua asubiri apone. Kitabu cha kliniki na orodha ya dawa viwekwe mahali panapojulikana na wote, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji aarifiwe.

Yule mama akipata msaada huo kwa miezi mitatu, ana nafasi nzuri ya kuushika mtungi wake mwenyewe tena. Kwa sasa, mwingine aushike.