Tamasha la Ogani Kaaga: Anzeni na Pumzi

Ogani ya mabomba ilizaliwa Afrika. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, fundi Ctesibius wa Aleksandria, Misri, alitumia uzito wa maji kusukuma hewa ndani ya mabomba, na mabomba yakaimba. Waambieni wageni wenu habari hii kabla ya noti ya kwanza kupigwa.

Kaaga, huku Meru, haikosi waimbaji. Wamethodisti walifika mwaka 1912, na tenzi hazijanyamaza hapa tangu wakati huo. Kama hamna ogani, hilo lisiwazuie. Mkiweza, ipelekeni kwaya Nairobi kwenye Kanisa Kuu la All Saints, lenye ogani ya mabomba. Ombeni ruhusa mapema, mketi ibada nzima, mtege sikio pale sauti ya nne, yaani besi, inapofika sakafuni.

Nyumbani, fundisheni kwa mikono. Kateni bomba la plastiki la maji vipande viwili, kimoja sentimita 20 na kingine 40. Zibeni upande wa chini kwa kiganja, kisha mpulize kimshazari kwenye ukingo wa juu, midomo ikiwa imebanwa kidogo. Mwanzoni ni upepo mtupu. Geuzeni bomba taratibu mpaka sauti ishike. Kile kirefu kitatoa noti ileile, oktavu moja chini. Ogani hufuata kanuni hiyohiyo: katika safu ya kawaida ya mabomba ya wazi, bomba la do ya chini kabisa lina urefu wa karibu futi 8, na la safu inayoshuka oktavu moja zaidi lina futi 16. Hewa yake zamani ilitoka kwenye mvukuto, kama wa mhunzi, na mtu aliuvukuta wakati mwenzake akipiga. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na feni ya umeme.

Kwa hiyo andaeni jenereta, hata kama mtatumia kibodi yenye sauti ya ogani. Kinanda cha kukanyaga hakihitaji umeme, na mkikipata kwa mzee yeyote wa kanisa, kipeni nafasi ya heshima mbele ya watu.

Tarehe nzuri ni Agosti. Shule zimefungwa, na mvua za masika zimepita huku za vuli hazijaanza. Msilipuuze jambo hili: mvua ikipiga mabati, hakuna ogani itakayoshindana nayo.

Nyimbo zichagueni kwa uangalifu. Sheria ya Kenya huilinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo tenzi za Charles Wesley, aliyefariki 1788, na muziki wa Bach, aliyefariki 1750, viko huru. Tafsiri ya Kiswahili au ya Kimeru inaweza kuwa bado na mwenyewe. Ulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kurekodi. Na mpiga kinanda alipwe. Amejifunza kwa miaka mingi, na mazoezi yake hayaonekani.

Wimbo wa mwisho ukiisha, msifunike kinanda. Wapangeni watoto mstari, kila mmoja abonyeze do moja na kuishikilia. Noti ya ogani haififii kama ya piano: itaendelea kuimba mpaka mtoto mwenyewe ainue kidole.