SOMO LETU: JOTO NDANI YA NYUMBA NA KIYOYOZI CHA UKUTANI



Somo letu la leo linahusu joto ndani ya nyumba. Tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini nyumba ya bati huwa na joto kali.
2. Jinsi kiyoyozi cha ukutani kinavyofanya kazi.
3. Faida zake na gharama zake.
4. Hatari moja inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Someni polepole. Kama mpo wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Penye hesabu, chukueni kalamu na karatasi.

MTUMBA YA JANA NA YA LEO

Tuanze na Mtumba. Iko mashariki ya Dodoma mjini, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Zamani mtu akipita huko aliona mashamba ya mtama na uwele, ng'ombe, na nyumba za tembe. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kazi ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahama kweli, na mwaka 2019 wizara zilianza kufanya kazi Mtumba, mahali panapoitwa Mji wa Serikali.

Leo lami ipo, umeme upo, na majengo makubwa yapo. Wananchi wa sehemu hizo nao wanajenga nyumba za tofali na bati. Wengine wameanza kuulizia madukani bei ya kiyoyozi. Ni haki yao. Kiyoyozi si mali ya wakubwa peke yao. Lakini mtu asinunue kitu asichokijua, maana fedha ikishatoka mfukoni hairudi.

TEMBE NA BATI

Wazee wetu wa Ugogo walijenga tembe. Ukuta wake ni wa miti na udongo. Paa lake ni bapa, nalo ni la miti iliyofunikwa udongo mzito. Udongo mzito hupata moto polepole na hupoa polepole. Jua la saa nane mchana linapiga juu ya paa, lakini joto lake linachukua saa nyingi kufika ndani. Kwa hiyo mchana tembe ni baridi. Usiku wa mwezi wa saba, baridi ya Dodoma inapouma, tembe ina joto kidogo. Wazee hawakuwa wajinga.

Lakini tembe ina shida zake, nazo tuziseme. Mvua kubwa ikinyesha, paa huvuja na hata kuanguka. Mchwa hula miti. Madirisha ni madogo au hakuna kabisa, basi moshi wa jikoni unakaa ndani na kuumiza macho na vifua. Ndiyo maana watu wengi wameiacha.

Sasa tuangalie bati. Bati halivuji, halioti majani, na linakinga maji ya mvua ya kunywa. Lakini bati ni jembamba. Jua likilipiga, muda si muda linapata moto hata ukiligusa unaungua. Joto hilo linashuka moja kwa moja vichwani mwa watu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla ya mvua, mtoto mchanga ndani ya nyumba hiyo analia bila kunyamaza. Mzee anashindwa kupumzika. Mgonjwa anazidiwa.

Joto kali si usumbufu tu. Linaweza kuleta kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika na hata kuzirai. Mtu akipatwa hivyo, mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mpanguseni kwa kitambaa chenye maji. Kama ana fahamu mpeni maji anywe. Akianza kuchanganyikiwa au akipoteza fahamu, msimpe kitu mdomoni. Mkimbizeni zahanati.

KIYOYOZI NI NINI?

Kiyoyozi ni mashine ya umeme ya kupoza hewa ya chumba. Watu wengi hudhani kinatengeneza baridi. Sivyo. Kiyoyozi kinachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Ni kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi na kuyamwaga ziwani.

Kinafanyaje? Kumbukeni siku mliyochomwa sindano. Mganga alipangusa ngozi kwa spiriti, nanyi mkasikia baridi. Spiriti ile ilikuwa inakauka, na kila kinachokauka huchukua joto. Mtungi wa udongo nao hupoza maji kwa njia hiyo hiyo. Maji kidogo yanapenya ukuta wa mtungi, yanakauka kwa nje, na yanaondoka na joto.

Ndani ya kiyoyozi kuna kimiminika maalumu kinachozunguka katika vibomba vya shaba. Kikifika ndani ya chumba kinageuka kuwa gesi, na hapo kinachukua joto la chumba. Kisha gesi inakwenda nje. Huko mashine inaishindilia mpaka inakuwa kimiminika tena, na joto linatupwa hewani. Halafu mzunguko unaanza upya. Jokofu la chanjo katika zahanati nyingi linafanya kazi hivyo hivyo.

KIYOYOZI CHA UKUTANI

Viyoyozi viko vya aina nyingi. Majengo makubwa huwa na mashine moja kubwa, na baridi inapelekwa vyumbani kwa njia pana za bati zinazopita juu ya dari. Kujenga njia hizo ni gharama kubwa. Pia zikipita mahali penye joto, baridi nyingine inapotea njiani.

Kiyoyozi cha ukutani hakina njia hizo. Kina vipande viwili tu. Kimoja kinafungwa ukutani ndani ya chumba, kingine kinawekwa nje. Vinaunganishwa kwa vibomba vyembamba na waya, vinavyopita katika tundu dogo la ukutani. Viwanda vya Japani vilianza kuviuza viyoyozi vya namna hii katika miaka ya 1960, kwa sababu nyumba zao nyingi zilikuwa ndogo. Leo vinatumika duniani kote.

Faida zake ni hizi:

1. Hakuna haja ya kubomoa nyumba. Tundu moja linatosha.
2. Mnapoza chumba kimoja mnachokitumia, wala si nyumba nzima.
3. Sehemu yenye kelele iko nje. Ndani watu wanalala.
4. Dirisha linabaki huru. Viyoyozi vya zamani vya dirishani vililiziba.
5. Hewa inapita katika chujio, kwa hiyo vumbi linapungua chumbani.
6. Kila chumba kinaweza kuwa na baridi yake. Mzee asiyependa baridi halazimishwi.

TUPIGE HESABU

Sasa tuje kwenye umeme. Umeme unapimwa kwa uniti. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja, kinakula uniti 1.

Kiyoyozi kidogo cha chumba cha kulala kinaweza kula karibu wati 1,000 kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu. Tuseme kinawashwa saa 8 kila siku:

Saa 8 × uniti 1 = uniti 8 kwa siku.
Uniti 8 × siku 30 = uniti 240 kwa mwezi.

Chumba kikishapoa, mashine inapunguza kazi. Kama nyumba imejengwa vizuri, huenda ikatumia nusu tu. Nusu ya 240 ni uniti 120. Nyumba ikiwa inawaka kama tanuri, mashine haipumziki.

Sasa tulinganishe na feni ya darini, ile tunayoiita pangaboi. Chukueni feni ya wati 60:

Wati 60 × saa 8 × siku 30 = wati-saa 14,400. Hizo ni uniti 14.4 kwa mwezi.

Mmeona tofauti? Feni haipozi hewa, lakini inaupepea mwili na jasho linakauka. Kwa siku nyingi za Dodoma, feni inatosha.

Tena kumbukeni jambo hili. Wateja wadogo wa umeme wa nyumbani hupata bei nafuu mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kiyoyozi kikiwashwa ovyo kitawavusha mpaka huo. Kabla ya kununua, chukueni bei ya uniti mnayolipa ninyi, mzidishe kwa 120, halafu kwa 240. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayowaambia kama mnaweza.

KWANZA NYUMBA, HALAFU MASHINE

Ushauri wetu ni huu: poza nyumba kwanza, mashine baadaye. Fanyeni haya:

1. Wekeni dari chini ya bati, na acheni tundu za kutoa hewa ya moto kati ya dari na bati.
2. Pakeni bati rangi nyeupe. Rangi nyeupe inarudisha jua.
3. Jengeni nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Madirisha yaelekee kaskazini na kusini, yasipigwe na jua la asubuhi na jioni.
4. Ongezeni baraza lenye kivuli. Pandeni mti, kwa mfano mwarobaini, upande wa magharibi.
5. Mchana wa joto fungeni madirisha na mapazia. Usiku fungueni. Uwanda wetu uko juu, kwa hiyo usiku hupoa hata wakati wa kiangazi. Wekeni wavu wa mbu madirishani, na laleni ndani ya chandarua.
6. Msidharau ukuta mnene wa udongo au tofali. Akili ya tembe inaweza kuingia katika nyumba ya kisasa.

Mkishafanya hayo, huenda msihitaji kiyoyozi. Na mkikihitaji, kwa mfano kwa ajili ya mgonjwa, kidogo kitatosha.

HATARI: MKAA NA CHUMBA KILICHOFUNGWA

Hapa tusome mara mbili.

Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha hewa ile ile iliyomo chumbani. Watu hufunga madirisha na milango ili baridi isitoke. Sasa mama akiingiza jiko la mkaa ndani, hata kama mkaa umebaki makaa tu, sumu inajaa. Sumu hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Huioni wala huinusi. Mtu anasikia kichwa kizito, analala, na haamki tena.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Lisiingie wakati wa joto, lisiingie wakati wa baridi, kiyoyozi kiwepo au kisiwepo. Na kila siku fungueni madirisha mara kadhaa hewa mpya iingie.

MKIAMUA KUNUNUA

1. Nendeni na vipimo vya chumba. Nguvu ya kiyoyozi huandikwa kwa BTU. Kwa kawaida 9,000 inatosha chumba cha kulala. Kikubwa kupita kiasi ni kupoteza fedha.
2. Ulizeni kama ni inveta. Aina hiyo inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, nayo hula umeme kidogo zaidi.
3. Afunge fundi aliyesomea kazi hiyo. Kiwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa ardhini. Msikichomeke pamoja na vitu vingine kwenye waya mmoja.
4. Fundi asiachie gesi hewani. Gesi za viyoyozi huongeza joto la dunia. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza.
5. Wekeni digrii 25 au 26. Mkiweka 16 chumba hakipoi haraka zaidi. Mnakula umeme tu.
6. Vumbi la Dodoma ni jingi. Osheni chujio kila wiki mbili. Chujio likiziba, mashine inateseka na umeme unaisha.
7. Maji yanayodondoka nje msiyanywe. Mwagilieni miti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tembe ni baridi mchana kuliko nyumba ya bati?
2. Kiyoyozi kinafanana vipi na mtungi wa maji?
3. Nyumba yenu ikitumia kiyoyozi saa 4 kila siku, na kila saa kinakula nusu uniti, mtatumia uniti ngapi kwa siku 30?
4. Kwa nini jiko la mkaa ni hatari katika chumba kilichofungwa? Nani kijijini kwenu hajui habari hii? Mtamwambia lini?
5. Katika mambo sita ya kupoza nyumba, ni lipi mnaloweza kulianza mwezi huu bila fedha nyingi?

Jibu la swali la 3 ni uniti 60. Taa, redio na pasi bado hazijahesabiwa. Hesabuni wenyewe, halafu amueni.